Ukuta wa Nkoma Kwenye CV Yangu

Fundi wangu Masanja, mwangaluka.

Ni mimi Kabula, binti uliyemfundisha kushika mwiko. Nakuandikia kwa hofu, na aliyenitia hofu ni wewe. Juzi uliongea kwa mdomo wangu mbele ya dada wa steshenari, hapa hapa Bariadi mjini. Kama hukuwa wewe, basi sijui alikuwa nani, na sitaki kujua.

Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeuliza. Mkeo Mama Holo hajambo, ila amekonda. Yale matofali uliyoyaacha nyuma ya nyumba hakuna aliyeyagusa tangu tukuzike, lakini anasema kila asubuhi anayakuta yamelowa chapachapa, na mvua hakuna. Nikamwambia ni umande. Akaendelea kufagia. Umande gani unalowesha matofali na kuacha majani ya pembeni makavu? Hata mimi sikujiamini niliposema.

Sasa sikiliza. Kuna kampuni inajenga madarasa ya chuo nje kidogo ya mji, wanatafuta mafundi uashi. Zamani tulikuwa tunakwenda saiti na mwiko mkononi, unapewa ujenge kozi mbili, mistari miwili ya matofali, wanakuona. Hawa wanataka CV. Na mimi nimekaa miezi saba bila kazi, Fundi. Tangu uondoke hakuna anayeniita peke yangu. Nyumbani wameanza kusema niachane na saruji niolewe. Hii kazi nilikuwa naitaka kufa na kupona.

Yule dada si mtu wa huku, Kisukuma hajui hata salamu. Alikuwa na karatasi yake ya mfano tayari: mchapakazi, mwaminifu, ana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Nikamwambia hapana, hiyo inamfaa hata muuza sabuni. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusema: "Sifa zako nani kaziomba? Taja ulichojenga." Basi nikataja. Bariadi, choo cha shule, matundu manane, nimejenga kuanzia msingi kwa kusoma ramani mwenyewe. Nyashimo, maduka matatu, kujenga na kupiga lipu. Kimali, nyumba ya mwalimu, kufunga nondo za lenta na kumwaga zege. Vifaa ninavyovimudu nikavitaja kimoja kimoja. Cheti sina, nikamwambia asizungushe maneno, aandike nimejifunzia saiti miaka sita chini yako.

Ya Nkoma sikuitaja. Nilishaamua tangu nyumbani.

Karatasi ilipotoka, Nkoma ilikuwepo, namba nne. "Nkoma, ghala la pamba, ukuta wa kaskazini. Ulianguka. Matofali hayakunyweshwa. Maji yalinywewa na ng'ombe. Kosa langu."

Nikamuuliza, haya nani kakwambia? Akanishangaa. Anasema baada ya Kimali niliinamisha kichwa, nikaanza kuongea Kisukuma kwa sauti nzito. Akaniomba nimwambie kwa Kiswahili, nikamwambia, neno kwa neno, huku nimekodolea macho ukuta. Mimi sikumbuki. Nakumbuka feni ilikuwa inazunguka, basi. Kunywesha matofali ni neno lako, Fundi. Wengine wote husema kulowesha.

Nikamwambia afute. Akafuta nikiona. Akachapa upya, nikasoma tangu juu mpaka chini, Nkoma haikuwepo. Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi pale pale.

Ngoja niseme ambalo sikulisema ukiwa hai. Kule Nkoma, ulipokuja mjini kufuata saruji uliniachia mapipa mawili ya maji, ukaniambia ninyweshe matofali kabla ya kujenga, na ukuta niumwagilie siku tatu. Kilikuwa kiangazi kikali, lambo limebaki tope. Akapita mzee na ng'ombe wake kutoka Meatu, ndama wanadondoka njiani. Hakuomba. Alisimama tu, akatazama mapipa. Ningemnyimaje? Wewe mwenyewe ungemnyimaje? Walikunywa yote. Nikajenga na matofali makavu, na uliporudi nikakudanganya kwamba nilimwagilia.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, ukuta ukalala chini. Bahati hapakuwa na mtu. Ukasimama mbele ya mwenye ghala na watu wote, ukasema, "Ukuta ni wangu." Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika kamba ya kujengea. Nilikaa kimya. Miaka yote nikajifariji kwamba hukujua.

Leo asubuhi injinia wa saiti amefungua bahasha mbele yangu. Gundi ilikuwa haijaguswa. Nikamwona anasoma, anasimama kwenye mstari mmoja, anarudi juu, anashuka tena. Namba nne ilikuwepo.

Akainuka. Akaenda kabatini, akatoa karatasi nyingine iliyoandikwa kwa mkono, akailaza kando ya yangu. Mwandiko wako, Fundi. Herufi zako kubwa zinazolalia kushoto. Kumbe siku ile uliyosema unakwenda hospitali kupima mgongo ulikwenda kuomba kazi pale. Na namba nne yako ni ile ile. Ng'ombe wale wale. Nukta kwa nukta.

Kwa hiyo ulijua. Sijui uliona alama za kwato kwenye tope kando ya mapipa, au kinyesi, au ulimkuta yule mzee njiani. Ulijua, na ukaniacha niendelee kula ugali wako. Fundi, kwa nini hukunichapa hata kofi?

Injinia akaniambia walikukataa kwa mstari huo tu, mengine yote yaliwaridhisha. Kisha akauliza, "Hayo maji yalikuwa mikononi mwa nani?"

Ningeweza kusema yako. Umekufa, usingebisha. Chumba kikapoa ghafla, nikanusa udongo uliomwagiwa maji sasa hivi, ndani ya ofisi yenye sakafu ya vigae. Sikugeuka nyuma. Nilimweleza yote nikilia, mpaka nikaona aibu. Halafu nikaomba kalamu. Kwenye karatasi yako niliukata mstari wa nne, nikaandika pembeni: si yeye, ni mimi. Nikatia sahihi. Kwenye yangu nimeuacha.

Hakuniambia kama nimepata. Amesema watapiga simu. Wakipiga au wasipige, Jumapili baada ya ibada naenda Nkoma kwa mwenye ghala. Nakuahidi, nitasimama mbele ya watu niseme ukuta ulikuwa wangu. Na wakiniuliza mbona nimechelewa hivi, sitajitetea. Nitawaambia nilikuacha ufe nao.

Pumzika sasa, Fundi.

Kabula wako.