Maua Yasiyokunywa Maji

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, nami naomba zikukute umekaa kitako karibu na dirisha, mguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, si umepanda kiti kufuta vumbi la juu ya kabati. Vipi magoti? Na vidole je, bado vinakusumbua asubuhi? Mimi sijambo, ukiacha hili tumbo linalonitangulia kila mlango ninaoingia. Wifi yako naye hajambo. Anakusalimu, na anaomba unikanye kuhusu mkate kwa sababu yeye ameshachoka kusema. Watoto wazima, wanakula, wanasahau kuosha vyombo.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayekaa vituo vitatu tu vya basi kutoka kwako. Kwenye simu ungenikatiza. Umenikatiza tangu nina miaka sita, na mara nyingi haki ilikuwa yako. Leo nataka nifike mwisho.

Habari kubwa ni za chama chetu cha wapambaji, au niseme chako, maana wewe ndiye uliyekianzisha na watu wanane na ndoo mbili. Unajua nilivyoupata uenyekiti: nilitoka kwenda msalani, niliporudi nikakuta napigiwa makofi. Tangu siku hiyo sitoki mkutanoni hata nikizidiwa. Ulipostaafu tulikuwa arobaini na wawili, sasa tumebaki kumi na tisa. Maua ya plastiki yameingia kila mahali, kwenye kumbi, kwa daktari wa meno, hata kwa wale jamaa wa kutunza mazingira. Wakulima nao wamepunguza mawaridi kwa kuwa oda zetu zimekuwa za kuhurumiana.

Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka nilitoa ile hotuba yangu ya karatasi tatu (ya pili ilipotea, hakuna aliyegundua), tukala kiapo kwamba hakuna mwanachama atakayepamba kwa plastiki. Atakayekutwa anafutwa kwenye orodha yetu, ile ambayo kumbi zote huitumia kuita wapambaji. Kufutwa humo ni sawa na kufungiwa duka ukiwa ndani.

Basi mwezi uliopita hoteli kubwa ya mkabala na posta ikatuandikia kwamba haihitaji tena maua yetu ya kila Jumatatu, baada ya miaka kumi na mmoja. Nikaenda kuchungulia pamoja na makamu wangu, yule wa maua ya harusi unayemwita Kipaza Sauti. Tulijifanya wageni, tukaagiza chai. Pale mapokezi palikuwa na shada refu kuliko mimi, mawaridi meupe na majani ya kuning'inia, plastiki tupu. Mungu anisamehe, lilikuwa zuri. Makamu akainua tawi moja kijanja, akanionyesha upande wa chini. Shina lilikuwa limekatwa mshazari. Na majani yote ya chini yalikuwa yamenyofolewa.

Sasa nani anakata plastiki mshazari? Sisi hukata vile ili ua linywe maji, na majani ya chini tunayanyofoa yasiozee ndani ya chombo. Wale vijana wa duka la plastiki wao hukunja tu na kuchomeka. Kwa hiyo aliyepamba pale alikuwa mtu wetu, mikono imejifanyia yenyewe kwa mazoea huku kichwa kikiwaza mengine. Makamu akachunguza waya uliofunga matawi, akaona umezungushwa kinyume na tunavyozungusha wengi. Mtu wa mkono wa kushoto. Akaninong'oneza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaenda kumpigisha soga mlinzi aliyekuwa ameanza kututazama vibaya.

Katika orodha yetu mtu wa mkono wa kushoto ni mmoja tu, katibu wetu, Mashoto, yule uliyemfundisha mwenyewe kwa sababu wengine walimwona mzito. Kipaza Sauti akikijua kitu asubuhi, mchana mji mzima unakijua. Tangu hapo chama kimekuwa cha watu wanaonusana. Nikiingia kwenye duka la mwanachama, ndoo zinafunikwa. Mimi nami nimegeuka mpelelezi wa kuchekesha: wiki moja nilizunguka maduka sita nikijidai naazima utepe wa kijani, macho yakitafuta plastiki chini ya meza, nikarudi nyumbani na tepe sita na aibu moja. Mmoja aliniambia nimuulize jirani yake. Jirani yake akaniambia nimuulize yeye. Mikutanoni wanakaa wamepakata mikoba kama wako kituo cha basi, na chai inabaki kwenye birika, kila mmoja akimngoja mwenzake aonje.

Mashoto hakujificha. Alinijia dukani akasema kumbi mbili zimeacha kumwita, na binti yake ameulizwa shuleni kama mama yake ndiye msaliti. Jumatano iliyopita, tukiwa wote mkutanoni, makamu alitaka afutwe hapo hapo. Mashoto akasimama. Hakupaza sauti. Akaliweka mezani shada alilolitengeneza asubuhi hiyo, akaligeuza mgongo ili nione waya, akaniambia, "Mwenyekiti, mkono wangu unaujua mwaka wa kumi na tisa huu. Ule wa hotelini umeuona kwa macho yako. Waambie hawa, ni wangu?"

Watu wote wakanigeukia. Nikakunja karatasi zangu, nikasema, "Uchunguzi bado unaendelea."

Akachukua shada lake, akaketi. Kura ya kumfuta ikapangwa Jumamosi hii.

Dada, hapo ndipo ungenikatiza, kwa hiyo nashukuru kwamba karatasi haina mdomo. Sikuwa na cha kuchunguza. Wakati makamu anapiga soga na mlinzi, niliingiza mkono nyuma ya shada, upande wa ukutani, nikapapasa mwisho wa waya. Ulikuwa umekunjwa kwa ndani mara mbili. Sisi sote hukunja mara moja, Mashoto naye mara moja. Anayekunja mara mbili namjua mmoja tu duniani, aliyeniambia nikiwa na miaka kumi na minne kwamba yuko mama wa usafi atakayekuja kuliondoa shada likishanyauka, na mama huyo ana vidole kama vyetu. Ulikunja ili mtu asichomwe na waya wa maua ambayo hayatanyauka kamwe.

Nilitoa mkasi mfukoni, nikakata ile ncha kabla makamu hajarudi. Ninayo.

Makamu hakukufikiria wewe kwa sababu jina lako tumelibandika ukutani ndani ya fremu, na watu wa kwenye fremu hawashukiwi. Ila ulikuwapo siku ya kiapo, kiti cha mbele, ukainua mkono ule ule wa kushoto. Sijui hoteli ilikufikia vipi. Nimejiuliza kama ni kodi, kama ni upweke, au kama ulitaka tu mtu akuambie tena kwamba kazi yako ni nzuri. Tangu ustaafu sijakuletea hata tawi moja unishauri. Nakuletea malimao na kukuuliza habari za magoti. Hilo ni kosa langu, nami sikulisema kwenye hotuba.

Lakini Mashoto hana kosa lolote. Nilimwacha asimame peke yake ili wewe ubaki ukutani, na mimi nibaki mdogo wa mwanzilishi. Wiki tatu nilikuwa nikimshuku kila mtu kwa sauti ili nisiulizwe ninachokijua.

Jumamosi saa nne asubuhi, kabla ya kura, nitaiweka ile ncha mezani. Nitaanza na kosa langu: kwamba niliikata, nikaificha, nikanyamaza nilipoulizwa. Nitamwomba Mashoto radhi mbele ya wale wale. Halafu watauliza mkono ni wa nani, na safari hii nitajibu. Ukitaka uwajibu mwenyewe, nitapita kwako saa tatu na teksi, ngazi za basi zisikutese magoti. Usipofungua mlango sitagonga mara ya pili, wala sitakasirika. Ila nitakwenda.

Nisalimie majirani wote wa ghorofa ya pili, na yule mama wa chini anayekununulia dawa umwambie nashukuru. Kula vizuri. Wifi yako anasema Jumapili uje kwa chakula, vyovyote itakavyokuwa, naye hajui bado ni vyovyote gani.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Mwenyekiti, mpaka Jumamosi saa nne.