Shikamoo Kwenye Lifti

Alhamisi jioni

Na niliitikia. Hilo ndilo lililonikera njia nzima mpaka nafika nyumbani Mansfield, huku ughaibuni.

Kesi ya yule dereva aliyelewa akamgonga mtu ilikuwa imeahirishwa. Kesho natoa adhabu. Lifti yetu sisi majaji imeharibika tena, tangu Jumatatu, na fundi kila siku anasema kesho. Basi nikapanda ile ya watu wote. Ndani alikuwemo mama yake dereva, peke yake. Mtanzania mwenzangu, mtu mzima wa kuweza kunizaa.

Hakuniomba chochote. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Shikamoo, mheshimiwa."

Kwetu Mwanza ningempigia goti. Mimi ndiye wa kumwamkia, si yeye kuniamkia mimi. Nikasema, "Marahaba," nikaendelea kutazama namba za ghorofa zikishuka.

Sheria inanitaka niwaambie mawakili wa pande zote mbili kwamba nilikutana naye. Nitawaambia tulisalimiana, basi. Hakuna atakayepinga. Wataona ni adabu tu.

Adhabu nilishaiamua tangu jana na haibadiliki. Sina wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ni huu mwaka wa nane kwenye kile kiti, watu wakisimama kila ninapoingia.

Ningeijibu ile shikamoo kwa kushtuka, ningejisamehe. Lakini ile marahaba ilitoka laini, kama ya mtu aliyezoea. Na joho nilikuwa nimeshaliacha ofisini.