Mbuzi ya Baba

Bunia, Mbunya

Kwako yaya yangu mupenzi, dada yetu mukubwa Domitille,

Ninakusalimia mu jina la Bwana, weye pamoja na watoto. Kule Beni munaamuka je? Kichwa kilikuwa kinakuumaka, kimepoa? Siye huku tunapumua tu. Baba iko, lakini hatoki tena mu nyumba, na chakula anakigusa kidogo anaacha.

Yaya, habari ya ndugu yetu Blanchard haiko muzuri. Apeli, ile rufaa yetu, tumeipoteza. Unajua walimufunga miaka kumi na tano sababu ya wale watu wa bunduki waliomunyanganya zahabu muzee Kamate, muchuruzi wa Mudzipela, na kumuteka ku njia ya kwenda Kilo. Pikipiki waliyotumia ni ya Blanchard. Yeye alisema aliipatia muteja asiyemujua. Tulizani majuji wa apeli watapunguza. Kumbe prokirere, mushitaki wa serikali, naye alifanya apeli yake, na avoka wetu wa kumutetea, na koti yake ya kunyooshwa, hakutuambia kama kifungo kinaweza kupanda. Sasa ni miaka makumi mbili.

Iliyomumaliza Blanchard ni mbuzi. Kamate aliporudi na mukono umevunjika, baba alimupelekea mbuzi na kuomba musamaha, vile siye tunafanyaka mutoto wa nyumba akiumiza mutu. Mama Adeline, bibi ya Kamate, aliisema mbele ya majuji bila ubaya, hata alimusifu baba. Prokirere akamuuliza baba kama ni kweli, baba akaitika. Akaulizwa mbuzi ilikuwa ya kosa la nani. Akaangalia chini, akakataa kutaja jina. Juji akasema hakuna muzazi anayeombea musamaha mutoto asiye na kosa. Nilimukasirikia baba mpaka nikaacha kumusalimia.

Jumapili nilimupelekea chakula ku gereza, fufu na sombe ya majani ya muhogo. Blanchard anakohoa damu, yaya. Wanalala wamekaa, nafasi hakuna. Nikamwambia nitamulazimisha baba aende kueleza ile mbuzi. Akanikataza, kisha akanieleza mwenyewe.

Mbuzi ilikuwa ya kosa la Fiacre, mutoto wako, wakati alikuwa anasoma huku kwetu. Ni yeye aliazima pikipiki siku ile, ni yeye alibeba wale watu. Aliungama kwa baba, ndipo baba akamurudisha kwako haraka na kukuambia eti masomo ya Beni ni mazuri kuliko ya huku. Blanchard anasema mujomba hawezi kuuza mutoto wa dada yake. Nililia mbele ya walinzi bila haya.

Mimi sikumuahidi kitu. Avoka anasema inabaki njia moja, ya kupeleka kesi ku korti kubwa ya Kinshasa, na muda wake unaisha. Sitataja jina la mutoto wako nyuma ya mugongo wako. Lakini sitamuzika Blanchard nikiwa nimenyamaza. Muulize Fiacre, kisha unijibu weye mwenyewe.

Mutoto wangu Gracieuse anakusalimia, anasema anakukumbuka sana. Nisalimie watoto wote mu nyumba. Na Fiacre pia umusalimie: mujomba wake ananiulizaka kila mara kama anakula muzuri.

Ni mimi mudogo wako,
Espérance