Mshipa wa Kichwani, Siyo Ule wa Chini

Mwanza, kwa wifi

Baba Bhoke,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nyamwaga. Mimi na binti yetu Bhoke tuko wazima, na mtoto aliye tumboni anacheza mpaka gauni la mama yake linatikisika. Wewe kikohozi kimeacha? Mama mkwe mpe shikamoo yangu kwa sauti, usimnong'oneze, masikio yake unayajua. Na wadogo zake Bhoke, Mwita anaamka kukamua? Ghati asikose shule kwa kisingizio cha kupika. Na ng'ombe yule mwekundu ameshazaa?

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile tulipopimwa mara ya kwanza nilimpigia jirani simu nikasema mtoto wa Bhoke ameonekana ana mshipa. Majibu yamenifikia: mama yake Marwa ameshachimba mizizi, na mkwe wetu Marwa anataka kuacha shimo lake la dhahabu aje kumchukua mke wake azalie nyumbani, eti mshipa siyo ugonjwa wa kukalisha mtu Mwanza. Siwalaumu. Hata mimi nilielewa hivyo hivyo, nikadhani mtoto ni wa kiume na korodani zimevimba.

Juzi tumerudi hospitali. Daktari, mwanamke mpole, akampaka Bhoke mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kidude, na kwenye televisheni tukamwona mtoto, pua na midomo na kidole anakinyonya! Akabonyeza, zikatokea rangi nyekundu na buluu, zinazunguka katikati ya kichwa kama maji ya mto penye shimo. Mimi nikajikaza nikauliza, "Daktari, tukimtilia Bhoke mizizi kwenye uji, mshipa hautapanda?"

Muuguzi akashika meza kwa kicheko. "Upande uende wapi tena, mama? Si uko kichwani!"

Bhoke naye, badala ya kunitetea: "Mwacheni, ameshaanza kumshonea mkanda wa kushikia mshipa."

Daktari hakucheka sana. Akanivutia kiti. Ni mshipa wa damu, ndani ya ubongo, nyuma huko. Umevimba, damu inapita kwa kasi bila kutulia, na kasi hiyo inauchosha moyo. Amesema ni jambo la nadra, yeye mwenyewe ameona wachache. Lakini akapima moyo, akapima tena, akasema, "Moyo bado mzuri. Na ubongo umekaa vizuri. Siwezi kukuahidi, mama, ila nina matumaini." Tangu siku hiyo nalala usingizi.

Shida ni moja. Mtoto akishazaliwa na kitovu kukatwa, moyo wake utabeba mzigo wote peke yake. Siku hiyohiyo unaweza kuchoka. Hapa watakuwa wanamsubiri na mashine, na baadaye wanaweza kumpeleka Dar es Salaam, wapitishe kamrija kembamba wauzibe huo mshipa kwa ndani. Akizaliwa huko kwetu, nani atauona moyo wake?

Unajua kwa mila yetu mimi na mkwe hatuwezi hata kukutana njiani, sembuse nimweleze habari za mshipa. Wewe kaa naye, mwanaume kwa mwanaume. Usimfokee, anaogopa tu. Mwambie kwa mambo yao ya machimboni: shimo likiingia maji, mura, kijana wa kweli, haondoki penye pampu akakimbilia nyumbani. Pampu iko huku.

Hatuteseki. Wifi anatupikia sato kila siku, Bhoke amenenepa mashavu. Wanawake tunaokaa nao foleni wanamwita mke wa dhahabu, wanamuuliza vipande amevificha wapi, naye anajishika tumbo.

Nisalimie mama yake Marwa, mwambie namshukuru kwa mkono wake, ila dawa aiweke. Nisalimie jirani wa simu, na wanakwaya wenzangu wasimpe mtu nafasi yangu.

Basi ukishaongea na Marwa, usingoje Jumapili. Simu ya jirani haishiki siku hizi, mpe kondakta wa basi la asubuhi barua, wifi ataipokea stendi. Hata usipoandika mengi, andika neno moja tu nimsomee Bhoke: abaki.

Mimi mke wako,
Mama Bhoke