Chakula cha Watu Wawili

Rebero, Kigali
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu goti lako la kushoto ambalo najua mvua za Kahama hazilipi nafuu, halafu mjomba Ilyasi na wote wanaolala chini ya bati lile. Dawa niliyokutumia inasaidia, au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni usiniulize bado, nitayafikia.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu yako, mama, inashikwa na mjomba, na mjomba hajui kuongea na simu bila kuweka spika mtaa mzima ukasikia. Haya ninayokuandikia hayafai kusikiwa hata na mbuzi wake. Barua nitampa Salvator, dereva wa basi la Kahama, na nitamwapisha pale pale stendi ya Nyabugogo mbele ya wapagazi kwamba ataitia mkononi mwako. Akimpa mtu mwingine, tutaonana mimi na yeye.

Umeniuliza mara tatu kama nimekwenda kumwona baba. Nilikujibu kwamba nilikuta duka lake la ushonaji limefungwa. Nilikudanganya. Duka lilikuwa wazi, naye alikuwa ndani anampimia mtu kitambaa. Nilimtazama kutoka ng'ambo ya barabara muda wa kumaliza mahindi niliyokuwa nayo mkononi, kisha nikaenda zangu.

Najua ulivyoniambia: jishushe, mwanangu, nenda ukamwombe, binti haozwi bila walii. Najua na imamu alivyosema, kwamba maadamu baba yu hai na yuko hapa hapa Kigali, mtaa wa Nyamirambo, hakuna wa kushika nafasi yake, na mjomba wa upande wa mama si walii hata angekuwa malaika. Gasana naye, mchumba mwenye subira kuliko mimi, alitoka kazini kwake kule uwanja wa ndege Kanombe akaja kuniambia kwao hawataki ndoa ya kuungaunga. Kwa hiyo ndoa yangu yote ilikuwa mikononi mwa mtu aliyetupakia kwenye basi nikiwa na miaka sita, akasema tukasalimie Kahama, yeye atatufuata baada ya wiki mbili. Nina miaka ishirini na mitano sasa. Nyinyi mnaojua kusamehe mniambie, mtu wa namna hiyo anaendewa na maneno gani?

Sasa nikueleze kazi yetu ili uelewe. Mara moja kwa mwaka mikahawa mikubwa ya Kigali hufanya wiki ya bei ya chini. Kwa bei moja iliyopangwa unapewa vyakula vitatu, cha kuanzia, chakula chenyewe na kitamu cha mwisho, na unalipa karibu nusu ya siku nyingine. Kwenye mkahawa wetu sharti ni watu wawili. Ukija peke yako huuziwi. Wiki hiyo wanaupanda mlima huu wa Rebero watu ambao mwaka mzima wanazitazama taa zetu kutoka bondeni. Nawachukia, mama, nasema ukweli wangu. Wanapiga picha sahani mpaka chakula kinapoa. Wanauliza kama mkate ni bure. Wanafunga kuku kwenye tishu na kumtia mkobani. Wakiondoka wanakusukumia kiti kana kwamba wewe ndiye uliyewanyima mambo mazuri miaka yote.

Meneja wetu Eddie, aliyekulia Kampala na anayejiona mlima huu ameuzaa yeye, anawachukia zaidi yangu. Anawapa kadi ya kijani badala ya menyu yenye jalada la ngozi, anawakalisha karibu na mlango wa jikoni, na ametuamuru wakishakaa muda wa saa moja na nusu tuwaondolee sahani hata kama kijiko kiko njiani. Sisi tunawaita watu wa kadi. Kwa maisha yangu ningeweza kuwa mmoja wao, najua, usiniandikie kunikumbusha.

Alhamisi mchana Eddie alinigawia meza zangu. Kwenye orodha, meza ya kumi na tisa, ile ambayo mlango wa jikoni unakaribia kuigonga kila ukifunguliwa, palikuwa pameandikwa: Usumani, watu wawili. Nikajiambia akina Usumani wamejaa mji huu. Kisha nikamwona baba anaingia. Koti la kijivu, kofia ameivua ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa ofisi ya serikali. Alikuwa peke yake. Jina la mtu huyu nimelibeba kwenye kila cheti cha shule, naye akaketi mbele yangu, akaniita binti, akauliza kama maji yanalipiwa.

Sikuona dalili hata moja kwamba amenijua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Wewe husema nina uso wako mtupu, na yeye uso huo alilala nao miaka minane. Nikasema moyoni, basi alikufuta kabisa, wewe na mimi, kama anavyofuta chaki kwenye kitambaa chake.

Aliniambia mwenzake yupo njiani, lakini nilete tu chakula cha wote wawili, kila sahani mahali pake. Nikajifanya nimemwelewa. Huyu mzee, nikasema, ana kimwanamke kinachomzungusha, na ubahili wake umemfanya akilete kwenye wiki ya bei ya chini. Nilikwenda kumhadithia Mugeni, mwenzangu wa zamu. Akachungulia kwenye kioo cha mlango, akasema, "Huyu mzee iko anasubiri bure." Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti ili imfikie.

Nikaleta supu mbili. Akaniuliza ina nini ndani, nikamjibu, akasema bismillahi na kula. Ya pili ilibaki mbele ya kiti kitupu mpaka ikafanya utando. Nikaleta samaki wawili na isombe, kisamvu cha huku. Akala wake taratibu, akichambua miiba, na kila nikipita ana swali la kuuliza. Je, kazi inachosha? Je, natoka kwetu mbali? Je, wananipa siku ya kupumzika? Nilimjibu ndiyo, hapana, ndiyo. Nikaleta keki mbili za pasheni. Yake aliila nusu. Ile ya kiti kitupu aliisogeza kidogo tu, ikae sawa, kama mtu anayetengenezea mgeni.

Saa moja na nusu ikatimia na Eddie akanionyesha saa yake. Nilikwenda kwa furaha, sikufichi. Niliyapanga maneno yangu vizuri tangu jikoni. Nikamwambia mzee, pole, mwenzako amekutupa, na meza inahitajika.

Akanitazama. Akasema, "Alikuwepo tangu mwanzo. Kiti hicho nilikulipia wewe, Shakira."

Nilisimama na sahani mkononi. Yeye akaendelea, polepole, macho kwenye kitambaa cha meza. Watu wa kina Gasana walimwendea Jumatatu, bila kuniambia mimi. Jumanne alikwenda msikitini, akamwambia imamu mbele ya mashahidi kwamba atasimama kuwa walii wangu, siku na saa tutakayopenda sisi. Hakutaka kitu. Ila aliuliza ninafanya kazi wapi. Wakamwambia, wakamwambia pia kwamba simtaki hata kumsikia. Ndipo alipoliona tangazo la chakula cha watu wawili, akaona hiyo ni sababu ya kuja mahali ambapo siwezi kumkimbia. Alipofika mlangoni alimwomba Eddie aniruhusu niketi naye angalau dakika kumi. Eddie akamjibu kwamba wafanyakazi hawaketi na watu wa kadi. Baba akasema amenijua tangu nilipotokea na jagi la maji, kwa jinsi ninavyokunja uso, na akaogopa kwamba akitaja jina langu nitamwachia mhudumu mwingine meza yake.

Hapo alinijua vizuri, maana hivyo ndivyo ningefanya. Sikuketi. Nilikusanya sahani zote, yake na ile ambayo kumbe ilikuwa yangu, nikaingia jikoni. Niliporudi alikwishaondoka. Siku ile nilihudumia meza nyingine sita na sikumbuki uso wa mtu hata mmoja.

Ningeishia hapa, mama, ungelia kidogo, ungenionea huruma, na ungesema baba amekosa na mtoto ana haki ya kukasirika. Lakini nilikuambia nitafikia ya moyoni. Ni ile supu.

Supu ya wiki hiyo ilikuwa ya dengu. Évode, mpishi wetu, huanza kwa kukaanga vipande vidogo vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, halafu humwagia dengu. Vikishaiva huvioni, unasikia utamu tu. Chakula cha watu wa kadi hakibadilishwi, ila mwaka jana mimi mwenyewe nilimbembeleza Évode aweke pembeni sufuria ndogo isiyo na nguruwe, kwa ajili ya Waislamu. Alikubali. Lakini yeye hawaoni wateja, kwa hiyo ni lazima mhudumu aseme: mbili za sufuria ndogo. Tangu hapo sijasahau hata mara moja.

Alhamisi sikusahau pia. Nilifika mbele ya Évode, nikaona sufuria zote mbili, nikanyamaza. Akapakua kutoka kubwa. Nikabeba. Baba aliinusa, akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Binti, hii supu ina nini ndani?" Nikamtajia dengu, karoti, nyanya, kitunguu saumu, giligilani. Nilitaja vyote isipokuwa kimoja, na sikuharakisha. Akanishukuru. Nikasimama pale na jagi langu mpaka alipokwangua bakuli. Nilikuwa namhesabia miaka, mama. Kila kijiko nilikihesabia mwaka.

Sikufanya kwa bahati mbaya. Ukitaka kunitetea kwa mjomba au kwa Mungu, usinitetee kwa hilo.

Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa sikuyaweza maji wala mkate. Jana asubuhi nilikwenda Nyamirambo, na safari hii nilivuka barabara. Alikuwa peke yake anakata suruali ya mtu. Alipoona ni mimi alitaka kunivutia kiti, nikamwambia nisikilize kwanza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia sufuria ndogo mpaka jagi. Nilimwambia na kwa nini. Nilitaka apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, maana nazo zingenipa nafasi ya kupiga zangu.

Akaweka mkasi chini. Akaingia nyuma ya pazia, nikasikia maji. Alisukutua, akasukutua tena, akasukutua tena, siku mbili baada ya supu yenyewe, kana kwamba bado imo. Nilibaki natazama suruali iliyokatwa mguu mmoja. Alipotoka uso ulikuwa umelowa mpaka kwenye kola. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama yako anajua?"

Nikasema hajui.

"Usimwambie. Atasema umenifuata mimi kwa tabia."

Kisha akachukua chaki, akauliza nikaha tuliyoipanga Ijumaa hii ni saa ngapi, ili afunge duka mapema. Nikamtajia saa. Nikatoka.

Basi nimekuambia, na nimekuambia kwa sababu yeye alikataza. Siri zake nimezibeba vya kutosha, sitabeba na hii. Usidhani nimemsamehe. Alitutupa, na chakula cha watu wawili hakilipi miaka kumi na tisa, hata kingekuwa cha bei kamili. Ijumaa atasimama mbele ya imamu, atanioza, nitampa mkono kwa adabu, na nadhani nitakuwa bado namchukia. Lakini tangu jana kila nikitafuta tusi la kumtukana, la mtu anayekutazama usoni akakudanganya kwa upole, kisha akakuacha ule uchafu, naliona linanifaa mimi.

Panda basi la Jumatano kama tulivyopanga. Mavazi yako yako tayari kwa fundi, ni ya zambarau uliyoitaka. Ukifika usianze na goti, usianze na safari. Nikalishe chini, unitazame vizuri huu uso unaosema ni wako mtupu, uniambie kama baba alisema kweli, kwamba nimemfuata yeye.

Msalimie sana mjomba Ilyasi, mwambie nafasi yake ya heshima ipo hata kama si ya walii. Wasalimie watoto wote, na bibi wa jirani anayeuliza kama Kigali kuna baridi: mwambie ipo, alete shali. Gasana anakusalimu na anasema shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mwanao,

Shakira