Mwoka Boflo wa Montaurel

Cedar Court,
Croydon, London.
9 Novemba 2024

Mpendwa dada yangu Haifa,

Assalamu alaykum. Natumai uko salama hapo Wete, na kwamba lile goti limekuachia upande ngazi bila ya kushikwa mkono. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Baridi imeingia mapema, na tangu baba yake Mahir atangulie mbele ya haki, redio ndiyo inayozungumza humu ndani.

Kubwa nililonalo ni safari yangu ya Ufaransa. Unajua mwanangu Mahir aliacha kazi ya hoteli hapa London akahama na mkewe Tatiana, yule binti wa Bukavu aliyesilimu. Wako Montaurel, kijiji kidogo cha milimani. Mwoka mikate wa pale alizeeka, watu wakawa wanakula mkate wa juzi kutoka mji wa jirani, ndipo meya akatafuta mwengine, akampata Mahir, akampa nyumba na tanuri.

Sikuelewa mtu anafuata nini huko. Nilipofika, jirani yao, bibi kizee Odette, akanitembeza, Tatiana akinifasiria. Alisema zamani kijiji kilijaa watu. Wanaume walichimba mawe ya kuezekea nyumba, wanawake walishona glavu za ngozi majumbani. Vita Kuu ya Kwanza ikawachukua vijana. Majina yao yamechongwa mbele ya kanisa, na ni mengi kuliko wanaume wanaoishi pale leo. Baadaye glavu zikakosa wanunuzi, machimbo yakafungwa, watoto wakaenda mijini. Waliobaki wanafuga mbuzi, wanauza jibini, na kungojea wageni wa kiangazi. Skuli ina watoto wachache sana, wakipungua kidogo tu itafungwa.

Odette alinionesha vyumba vya wanawe walioko Paris. Vitanda vimetandikwa. Hapo sikuhitaji kufasiriwa.

Asubuhi nilikaa dukani na Mahir. Kila aliyeingia alimwita kwa jina na kumuuliza kaamkaje, naye akijibu kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. Nikamuuliza kama hajuti.

"Mama, hapa nisipofungua mlango, kijiji kizima kitajua. London nani angejua?"

Nilitaka kumwambia: mimi. Badala yake nikaendelea kupanga mikate ya boflo.

Siku ya kuondoka akaniomba nihamie kwao. Tatiana ana mimba, na nyumba ya pili kutoka kwao iko tupu. Nikasema nitafikiri. Hapa nina msikiti, na nina kaburi la mume wangu la kulizuru. Lakini mwezi uliopita nilishikwa na homa. Kazini wakampeleka mtu mwengine kwa wazee ninaowaangalia, basi, na mlango wangu haukugongwa mpaka nikapona.

Nimemwambia Mahir nitakwenda kabla mtoto hajazaliwa. Alifurahi sana. Sikumwambia kuwa naogopa. Wewe nakwambia, dada: naogopa kufia mahali ambapo hakuna mwanamke ajuaye kuniosha.

Nisalimie Suad na wanawe, na Ami Harith, mwambie dua zake zinanifikia. Mungu akupe umri wenye afya, na asitunyime kuonana.

Jana nilimpigia simu Tatiana, nikaanza kumfundisha namna ya kuosha maiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole, apate kushika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,
Miska