Kidani cha Mama

Nyumbani kwa Mama, ghorofa ya pili
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko, na mgongo umepoa? Sisi miili yetu mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mama amezidi kusahau. Mimi ananiita muuguzi, na mdogo wetu wa mwisho anamwamkia shikamoo kama mzee wake. Kilichokuwa kimebaki ni kile kidani cha mawe ya kijani alichochongewa na marehemu baba. Akikishika, jina la baba lilimjia, na kwa muda kidogo nasi tukawa wanawe.

Wiki iliyopita wifi, mke wa mdogo wetu, alitaka kukisafisha. Alikiloweka kwenye siki pamoja na vijiko vya shaba. Alipokitoa, mng'ao ulikuwa umekwenda na siki imegeuka rangi. Alilia mpaka nikamhurumia. Nia yake ilikuwa njema.

Nikakipeleka kwa sonara. Alikipima kiganjani, akakigusisha shavuni.

"Malakiti halisi, dada," akasema. "Mawe haya huyeyushwa kupata shaba. Ona mistari, iliyokolea na iliyofifia, haijirudii. Ni mazito, ya baridi. Ila ni laini, siki huyatafuna."

"Na yangekuwa ya bandia?"

"Kioo kingetoka kama kilivyoingia."

Kaka, miaka yote ile tulimtania baba kwamba alimchongea mama vipande vya chupa. Laiti vingekuwa chupa.

Sonara aliyasugua upya, akiyamwagia maji kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Yaling'aa, lakini yamekonda, na mistari iliyojitokeza ni mingine kabisa.

Nilimvisha mama kidani hicho mbele ya kioo. Akakitazama sana.

"Kizuri. Cha nani?"

"Chako, mama. Baba alikuchongea."

Akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliye ugenini, akakivua na kunirudishia.

Wifi alikuwa mlangoni anasubiri. Nilimwambia kwamba mama amekipenda. Tangu siku hiyo mama hata baba hamtaji.

Njoo, Kaka, ukipata ruhusa kazini. Usije kwa kutarajia kuitwa jina lako. Njoo tu umshike mkono, maana mkono bado haukatai.

Nisalimie mkeo, watoto, na shangazi. Mungu awalinde, awaachie kumbukumbu zenu.

Mdogo wako akupendaye,
Muuguzi wa Mama